Kikohozi Kisichokuwa na Nafasi Kwenye Fomu

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa kabati la mafaili, nikatia sahihi kwamba nimeurudisha. Karani kijana aliyeupokea aliniuliza kama ni kweli sisi wa zamani tulikuwa tukichunguza watu kwa baiskeli. Nikamwambia ni kweli, na baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Alicheka, kisha akaniomba niandike kidogo habari za siku hizo ili wanaoanza kazi wasome. Ndiyo haya. Mkitaka kujua nilipanda cheo mwaka gani, tafuteni kwenye faili langu, maana sasa mnalitunza nyinyi.

Kazi yetu mnaijua. Kuna kazi ambazo zikishikwa na mtu mbaya wengi wataumia, kama kukaa kwenye simu za serikali, kushika ishara za treni, au kutunza silaha na baruti. Kabla mtu hajapewa kazi ya namna hiyo ni lazima ajulikane: ni nani, katoka wapi, anaishi na nani, na waliomlea wanasemaje juu yake. Siku hizi mnapiga simu. Sisi tulienda wenyewe, kwa baiskeli na kwa miguu. Watu wa Voi walinibandika jina la Bwana Maulizo, na kuna watoto waliokua wakidhani ndilo jina nililobatizwa.

Nilianza miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mimi ni Mtaita wa karibu na Wundanyi, lakini nilikaa bweni la misheni tangu nikiwa mdogo, na nyumbani nilikuwa naenda kama mgeni wa likizo. Nilijua Kiingereza. Nilijua kupiga taipu kwa vidole vinne. Nilikuwa na mashati mawili meupe niliyoyapiga pasi mwenyewe, na kwa kweli nilijiona nimefika.

Siku ya kwanza sikupewa faili. Karani mkuu alikuwa Mzee Salimu, mtu wa Mombasa, mwembamba, kofia yake haikuwahi kukaa upande. Alinituma nikanunue sukari dukani, ng'ambo ya reli. Niliporudi hakuitazama hiyo sukari.

"Hebu nambie," akasema, "nani alikuwa dukani?"

"Watu tu, mzee."

"Nani ameketi, nani amesimama? Mwenye duka alimwamkia nani kwanza?"

Sikujua. Nilichojua ni bei ya sukari.

"Bei naijua," akasema. "Rudi."

Nilirudi mara tatu siku ile. Jioni ofisi ilikuwa na sukari ya mwezi mzima, na mimi nilikuwa nimeanza kutazama watu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Daftari dogo la kuingia mfukoni, penseli, kalamu ya wino, na fomu za serikali zenye karatasi ya kaboni katikati. Uwandani uliandika kwa penseli, na ofisini uliandika ripoti kwa wino. Mzee Salimu alikuwa na masharti yake. Usitoe daftari kabla hujapewa kiti na kuulizwa habari za kwenu. Usianze na mtu aliyetajwa na mwombaji, anza na jirani yake. Ukipewa kitu, kunywa. Hilo la mwisho nalikumbuka kwa tumbo, maana niliwahi kunywa uji nyumba saba kwa siku moja kule Njukini.

Huko Njukini nilikuwa nachunguza bwana mmoja aliyeomba kazi ya kulinda ghala la serikali. Majirani wote walimsifu, na walimsifu sana, mpaka mmoja akamwaga machozi. Nikarudi Voi nimefurahi. Mzee Salimu akaniuliza swali moja tu: hao wanaomsifu, mashamba yao yako wapi? Nikafungua daftari. Yote yalipakana na lake. Niliporudi kuuliza vizuri, ikabainika kwamba bwana yule ana mbuzi kumi na wanne, na maharage ya Njukini yote yalikuwa yakiishia matumboni mwao. Walitaka aondoke. Hakuwa na ubaya mwingine wowote, akapata kazi, na mbuzi wakahama naye.

Nacheka sasa, lakini nyakati zile hazikuwa za kucheka kila siku. Neno moja la jirani mwenye wivu lilitosha kumpandisha mtu kwenye treni ya kumpeleka kambi ya kizuizini, hasa akiwa ametoka bara. Kuna mafaili ambayo sikupata nafasi ya kuyarudia, na hayo siyakumbuki kwa raha. Lakini moja nilipata nafasi ya kulirudia, na ndilo lililonifundisha kazi.

Chini ya mlima Sagalla kulikuwa na machimbo ya mawe ya kokoto za reli, na pale palikuwa na stoo ya baruti ya kupasulia miamba. Mtunza stoo alikuwa anaondoka. Msaidizi wake, kijana wa Kitaita aitwaye Nathani Mwakio, ndiye aliyetakiwa kushika funguo. Mnaweza kufikiri, siku zile, ufunguo wa stoo ya baruti ulitazamwaje. Mwakio alikuwa mtu wa maneno machache, mchapakazi, na alikuwa ameoa binti wa Kikamba hapo Voi, fundi wa kushona jina lake Ndunge. Kwenye fomu aliandika kwamba baba yake amekufa, na kwamba mkubwa wa ukoo ni baba yake mkubwa, Mzee Mwanyumba, wa kijiji kimoja juu ya Wundanyi.

Wiki hiyo Mzee Salimu alikuwa amekwenda kuzika Mombasa. Nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya faili zima peke yangu. Nilidandia lori la mboga lililokuwa linarudi Wundanyi tupu, nikapanda mlima kwa miguu, nikamkuta Mzee Mwanyumba anasafisha mfereji wa maji. Alinawa mikono, akanipa kiti, akanipa ndizi za kuchoma na maziwa ya mgando. Tukaulizana habari. Ndipo nikatoa daftari.

"Mzee, nimekuja kuuliza habari za kijana wako, Mwakio."

Aligeuka akautazama mfereji wake.

"Simjui," akasema.

"Ameandika kwamba wewe ni baba yake mkubwa."

"Basi ameandika yeye. Mimi simjui."

Nikazunguka kwa jirani, nikaenda kwa shangazi, nikapanda mpaka kwa mwenye posho mill, kinu cha kusagia unga. Wote walinitazama miguu na kusema maneno yale yale: muulize mkubwa. Nilipokuwa nashuka, Mzee Mwanyumba alinisindikiza mpaka njia panda, kama mgeni anavyosindikizwa. Pale akaniuliza, huku anatazama pembeni, "Huyo mtu wenu, kile kikohozi kilimwisha?"

Nikasema sijui. Kwa mazoea tu, nikaandika kwa penseli: *auliza kikohozi*.

Njiani nilikuwa naipanga ripoti kichwani kwa furaha ya mtu aliyenasa samaki mkubwa. Fomu ilikuwa na mstari ulioandikwa: Ndugu wanamtambua? Ndiyo au Hapana. Nikaandika Hapana kwa wino, nikaongeza kwamba anayejiita Mwakio amekanwa na ukoo anaoutaja. Habari ya kikohozi haikuwa na nafasi kwenye fomu, kwa hiyo niliiacha kwenye daftari. Nikapiga mhuri na kumpelekea Mzungu wetu, mkuu wa ofisi, moja kwa moja, kwa kuwa karani mkuu hayupo.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo askari walimtoa Mwakio machimboni na kumfungia kituoni. Amri ilikuwa fupi: mtu asiyejulikana, amekaribia baruti, apelekwe kambini kwa treni ya Jumatatu mchana akahojiwe. Wakati ule mtu akienda huko kwa wiki moja, huenda akarudi baada ya miaka miwili, na huenda asirudi na meno yote.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mwanamke kwenye benchi la ofisi, sufuria ya chakula magotini, imefunikwa kwa kitambaa kilichoshonwa vizuri.

"Wewe ndiye uliandika bwana yangu hana kwao?"

"Niliandika alichosema mzee wake, mama."

"Tulifunga ndoa hapa Voi, kanisani, watu wakiona. Kama hana kwao, mimi nimeolewa na nani?"

"Serikali itachunguza."

"Si ndiyo wewe serikali?" akasema Ndunge.

Niliingia ndani nikajifanya natafuta karatasi. Aliketi pale mpaka saa sita, hakulia, hakupiga kelele, na kila nilipoinua macho nilimwona. Niliona aibu, lakini bado nilijiambia kwamba nimefanya kazi yangu.

Jumamosi Mzee Salimu alirudi. Hakuvua hata koti. Alisoma nakala ya kaboni, akanyoosha mkono, akasema, "Lete daftari." Alisoma penseli yangu polepole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika mahali akaweka kidole.

"Alikupa kiti?"

"Alinipa."

"Alikupa nini?"

"Ndizi na maziwa."

"Na mtu asiyekujua, hebu nambie mwanangu, huuliza kikohozi chako?"

Akaendelea, wala hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Mimi ni mtu wa Mombasa. Wewe ndiwe Mtaita. Mzee wa Kitaita akikataa kusema habari za mtoto wake, hukujiuliza ana nini moyoni? Lori la mboga laondoka saa sita. Nenda."

Hapa niwaeleze wale msiotoka kwetu. Kwetu kuna jambo linaitwa kutasa. Mtu mwenye hasira na nduguye hupiga funda la maji, au la pombe ya muwa, halafu hulipuliza nje, huku akitamka kwamba moyo wake umetakata na kumtakia mwenzake mema. Wazee wanaamini kwamba hasira ya mkubwa ikibaki moyoni inaweza kumdhuru mtoto, hata kama mkubwa mwenyewe hapendi. Haya yote nilikuwa nimeyasikia kwa bibi yangu. Lakini bwenini tulifundishwa kuyaonea haya, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Mzee Mwanyumba hakushangaa kuniona.

"Nilikuwa na hasira," akasema. "Kijana ameoa mwaka mzima, na mimi nimesikia kwa mtu anauza miwa. Mimi niliyemlea! Sasa wewe unakuja unaniambia niseme habari zake. Nikisema mazuri, mimi ni mwongo. Nikisema mabaya na hasira hii, yatamshika. Nikaona afadhali nisimjue kwanza, mpaka aje mwenyewe."

"Ungeniambia, mzee."

"Wewe si mtoto wa hapa? Nilidhani umeelewa. Nilikupa mpaka maziwa."

Nilipomwambia Mwakio amefungiwa, na kwa nini, aliinuka bila neno akaanza kutafuta fimbo yake. Ilikuwa mkononi mwake. Nikamwambia Jumapili hakuna lori. Akasema yeye hakuuliza habari za lori.

Tulishuka Jumapili asubuhi, watu wakienda kanisani wakituamkia. Mzee alibeba kibuyu kidogo begani na hakukiachia hata nilipotaka kumsaidia. Tulifika Mwatate jua likiwa kali, yeye akiwa mbele, mimi nikiwa nyuma na malengelenge. Hapo tukapata gari la shamba la mkonge likatufikisha Voi. Mzee Salimu alimpokea kwake, akampa chumba cha mbele na maji ya kuoga.

Jumatatu asubuhi tulisimama ua wa nyuma wa kituo: Mzungu na saa yake, Mzee Salimu, Ndunge na sufuria yake, mzee na kibuyu. Askari wakamleta Mwakio, wakamfungua mikono. Alimwona baba yake mkubwa akainamisha kichwa.

"Kikohozi?" akauliza mzee.

"Kiliisha, baba."

"Ndiye huyu?" Alikuwa anamtazama Ndunge.

"Ndiye, baba. Nilikosa. Nilipaswa kuja."

"Ulipaswa."

Mzee akapiga funda kutoka kwenye kibuyu, akalipuliza kifuani pa Mwakio, kisha miguuni pa Ndunge. Akatamka kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, kwamba hana neno nao tena, waende salama, warudi salama, wazae. Sauti yake ilikatika mara moja tu. Ndunge hakujua Kidawida, lakini alielewa kuliko nilivyoelewa mimi siku ya kwanza, na ndipo machozi yakamtoka.

"Nini hii?" Mzungu akauliza.

"Shahidi atoa maelezo yake, Bwana," akasema Mzee Salimu.

"Uliza yeye kama najua hii mtu."

Nikamuuliza. Mzee Mwanyumba akanijibu mimi, si Mzungu. "Huyu ni mtoto wangu. Baba yake alipokufa nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani kwangu. Andika hivyo, na safari hii uandike yote."

Niliandika nimeegemea ukuta. Nilikata Hapana, nikaandika Ndiyo, na chini yake kwa wino nikaandika kwamba kosa lilikuwa la mwandishi, aliyekuwa na habari kwenye daftari na hakuiweka. Mzungu alisoma mara mbili, akanitazama, akasema "Sawa," na kuwaambia askari treni isimsubiri mtu huyu.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Mzee Mwanyumba alimpa Mwakio kibuyu, akanionyesha kwa kidevu. "Na huyu karani? Kama una kitu juu yake, kitoe."

Mwakio akapiga funda. Alinitazama mashavu yamejaa. Mimi nilisimama na shati langu jeupe nikingoja kulowa, nikitaka sana kulowa. Akameza.

"Bado, baba," akasema. "Nikipuliza sasa nitakuwa nadanganya."

"Basi. Siku ukiwa tayari," akasema mzee, akaziba kibuyu.

Mwakio alipewa funguo juma lililofuata. Kazi kama yake ilitaka mtu achunguzwe upya kila mwaka, na kila mwaka ilikuwa zamu yangu kwenda machimboni. Alinijibu maswali yote, sawasawa, bila kuongeza neno. Stoo yake ilikuwa safi, hesabu ya baruti haikupungua hata kijiti kimoja. Hakunipa kiti. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, niliandika nimesimama juani, na kwa wino nikaandika kwamba ni mwaminifu na hana kasoro, maana ndiyo kweli. Na kila mara nikaongeza ukurasa mwishoni, ulioitwa Mengineyo, na humo nikaandika: *Hakunipa kiti. Ana haki.* Mmeuona ukurasa huo kwenye ripoti zetu zote mpaka leo, na wengine mmekuwa mkidhani ni sharti la serikali. Ulianzia kwenye kile kikohozi.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa na amani. Kazi niliipenda, na miaka ile ilikuwa mizuri kwangu. Nilioa, na kabla sijaoa nilipanda mlimani kuwaambia wazee wote mmoja mmoja, mpaka mke wangu mtarajiwa akauliza kama nafanya uchunguzi. Lakini kila mwaka, mwezi wa kwenda machimboni ukikaribia, nilikuwa sisikii utamu wa chakula.

Ilikuwa mwaka wa nne, muda wa chakula cha mchana, siku ya kawaida kabisa. Mzee Salimu alikuwa anakunywa kahawa yake dirishani. Mimi nilikuwa na ripoti tatu mezani, wino haujakauka. Mwakio akaingia na nguo za kazi, vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Hakuamkia. Alikwenda kwenye mtungi wa maji pembeni, akachota kwa kikombe cha bati, akaja akasimama mbele ya meza yangu.

"Leo nimeamka nimeitafuta ile hasira, nimeikosa," akasema. "Nimekuja kabla haijarudi."

Akapiga funda, akapuliza. Maji yalinipata usoni, kwenye shati, kwenye ripoti zote tatu, na wino ukatiririka mezani. Akasema maneno aliyoyasema mzee wake uani siku ile, kwa Kidawida, yote, hakuruka hata moja. Nililia mbele ya watu, na sijaona sababu ya kuficha.

Kisha akatazama huku na huku. "Sasa mtu hapewi kiti humu?"

Ofisi ilikuwa na viti viwili tu, na kimoja kilikuwa cha Mzee Salimu. Nikampa changu. Mzee Salimu akacheka mpaka kofia ikakaa upande, akanisogezea fomu mpya. Nikaziandika upya zote tatu nimesimama, kwa sababu kiti kilikuwa na mtu.